Mate Safi ya Mzee Sudi

Majengo, Gisenyi

Kaka yangu Hamisi,

Salamu nazitanguliza mbele ya hasira, usije ukasema dada yako amesahau alivyolelewa. Mama anaendeleaje na miguu yake? Bado anashuka mwenyewe hadi sokoni Ujiji, au hatimaye amekubali kutuma mtu? Na wewe macho yako je, umenunua miwani au unaendelea kusoma kwa kunyoosha mkono kama mtu anayemsukuma mbuzi? Mimi mwili wangu ni mzima. Mvua za huku hazijakoma, baridi inashuka kutoka mlimani kila jioni, na wanafunzi wangu bado wanaandika "kitabu yangu", nami bado nawakata alama. Kwa upande huo hakuna jipya.

Sasa tuingie kwenye shauri lenyewe. Najua Mzee Sudi alikupigia simu. Najua alikuambia kwamba mimi, mpangaji wake, binti wa marehemu rafiki yake, nilimvunjia heshima mbele ya wageni kwenye akika ya mjukuu wake. Na najua kwamba wewe, bila kuniuliza hata neno moja, ulimwomba radhi kwa niaba yangu. Nilipokupigia nijieleze ukaniambia nifupishe, uko kazini. Basi sifupishi. Barua hii anakuja nayo mwalimu mwenzangu wa hesabu anayekwenda kwao Kasulu. Utaisoma yote ndipo useme nani alimkosea nani.

Wewe unamkumbuka Mzee Sudi wa zamani, yule mnene aliyekuwa akipokea magunia ya dagaa ya baba na kutupigia hesabu kwa kichwa huku akila karanga. Huyo hayupo. Siku hizi anauza vitenge, na kanzu yake inamzunguka kama pazia lililofungwa kwenye mti. Anakohoa. Chumba changu na chumba chao cha kulala vinatenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo kikohozi chake nakijua kuliko ninavyoijua sauti ya mkuu wangu wa shule. Kinaanzia chini kabisa, kinapanda, kinakwama, kisha kinaanza upya. Wiki zikapita, mwezi ukapita. Nikamwambia, Mzee, hicho si kikohozi cha kuzoea, nenda ukapimwe kifua kikuu. Akanijibu kwamba ni moshi wa volkano tu. Kaka, mlima ule umebebeshwa makosa yote ya mji huu. Nguo zikipauka ni volkano, chai ikiwa chungu ni volkano, mtu mzima akikohoa hadi kushika ukuta, volkano pia. Laiti ungekuwa na mdomo ungekwenda mahakamani.

Huku kila kijiji, na huita kijiji hata mtaa wa katikati ya mji, kimechagua majirani wa kufuatilia afya nyumba kwa nyumba. Kwetu ni mama mmoja anaitwa Vestine, mtu mwenye bidii, anatembea mvua na jua. Alimsikia mzee akikohoa, akamletea kikopo chenye kifuniko na kumwambia alete cha kupima. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa adabu.

Vestine lugha yake ni Kinyarwanda, na Kinyarwanda kina neno lake lisilo na utata kwa kile kinachotoka ndani ya kifua: igikororwa. Lakini Mzee Sudi ni mzee wa Majengo, Mwislamu, mfanyabiashara wa siku nyingi, na huku kumsemesha mzee wa namna hiyo kwa Kiswahili ni kumpa heshima yake. Basi Vestine akaliacha neno lake zuri nyumbani, akaenda kuazima la Kiswahili. Akamwambia, "Muzee, utatuletea mate ya asubuhi."

Mate, kaka. Mimi nalipwa mshahara kufundisha lugha hii. Nasema kila siku kwamba neno si pambo, ni kifaa, na ukichukua kifaa kisicho chake utaumiza mtu. Wananicheka. Wanasema mwalimu anapenda kusahihisha. Haya.

Mzee Sudi ndiye mtu msafi kuliko wote ninaowajua. Kesho yake aliamka, akatia udhu, akasukutua, akapiga mswaki, akasukutua tena. Kisha akatema kwenye kikopo mate mepesi, yanayong'aa, mate ya mtu aliyelelewa vizuri. Na kohozi lilipompanda, kohozi lenyewe, lile ambalo Vestine alikuwa akililia, mzee aligeuka pembeni akalitema chooni ili asichafue kikopo cha serikali. Haya sikuyabuni. Alinisimulia mwenyewe, baadaye, kwa fahari.

Yakapimwa mate. Hayakuwa na kitu. Yangekuwa na nini? Mle ndani mlikuwa na mswaki tu. Nyumba nzima ikashangilia, mkewe Bi Hadija akapika pilau, na mimi nikaletewa sahani. Nilipouliza kama kweli alikohoa au alitema tu, nikaambiwa nile pilau.

Lakini subiri uone watu walivyo. Mzee hana ugonjwa, wamekubali, wamesherehekea, ila kikombe chake kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio na kinakaa peke yake dirishani ili mwingine asikinywee. Yaani wanaamini na hawaamini. Nimewaambia mpaka sauti imekauka kwamba ugonjwa huu hauingii kwa kikombe wala sahani wala kijiko. Unapita hewani, mtu akikohoa ndani ya chumba kilichofungwa na wengine wakavuta hewa ile ile saa baada ya saa. Wananiitikia kwa kichwa. Halafu jioni wanafunga dirisha, wanalishindilia blanketi la zamani kwenye nyufa kwa sababu ya baridi, na wanalala wote humo, na kikombe chenye uzi kikilinda usalama wao. Nimesoma vitabu vingi kuhusu maradhi haya. Najua kwamba huko Ulaya waliwahi kudhani ni ugonjwa wa damu ya ukoo, na kwamba matajiri walilipa kwenda kulala milimani mbele ya madirisha yaliyo wazi. Sisi tuna mlima bure na madirisha tumeyaziba.

Yote hayo ningeyavumilia, nimeishi na ujinga wa kila aina ukiwemo wangu. Lakini binti yao Zawadi, aliyeolewa kule Kanama, akajifungua mtoto wa kike na kuletwa kwa mama yake kukaa arobaini. Wakamlaza wapi na kitoto chake? Kwenye chumba kile kile, kwa sababu ndicho chenye joto. Na babu, maskini, amekipenda kitoto kile kuliko pumzi yake mwenyewe. Anakipakata asubuhi hadi jioni, anakisomea dua sikioni, na kati ya dua na dua anakikoholea usoni. Mimi nipo upande wa pili wa mbao, nasahihisha insha, nasikia kikohozi, kisha kichanga kikipiga chafya. Niambie wewe ungefanya nini. Ungefupisha?

Nilimwendea mzee kwa upole. Nakuapia, kwa upole. Nikamweleza tofauti ya mate na makohozi, kwamba kinachotakiwa ni kile kizito cha asubuhi kabla hata ya kusukutua. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, kwa Kiswahili cha huku chenye ba- mahali pa wa- na Kifaransa kidogo, "Mwalimu, bale balisema mate. Mi nimebapa mate. Leo we unasema ingine. Donc nani mwongo?"

Nikamwambia hakuna mwongo, neno ndilo bovu.

"Bon. Neno ukalitengeneze ku shule," akasema. "Hapa ni kwangu."

Nikamwendea Vestine. Aliumia kweli, akaniambia aliogopa kumtamkia mzee maneno mazito, na sasa majibu yameandikwa hakuna kitu, naye kila akirudi kumwomba apimwe tena anapewa chai na kusindikizwa hadi barabarani. Nikaenda kwenye mkutano wa baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo kulikuwa na bwana mmoja mwenye kipaza sauti aliyetueleza kuhusu kifua kikuu mpaka jembe likawa zito mkononi. Akasema tukitokomeze. Tukapiga makofi. Nikanyoosha mkono nikauliza: mnawaambia nini wazee wanaosemeshwa Kiswahili, mate au makohozi? Akanishukuru kwa mchango wangu mzuri. Kaka, sijui tusi lililo baya kuliko kushukuriwa kwa mchango. Watu hawa wanahesabu waliohudhuria mkutano, na mtu mmoja anayekohoa nyuma ya ukuta wa mbao hawamtafuti mpaka awatafute yeye.

Sasa tufike kwenye akika, kosa langu kuu. Uani kulijaa majirani, nyama inanukia, mzee ameketi katikati na mtoto mapajani. Akashikwa na kikohozi kirefu. Mgeni mmoja akampa pole kwa vumbi la volkano. Wote wakaitikia pole. Hapo, kaka, kitu ndani yangu kikakatika. Nikasema kwa sauti ambayo nilidhani ni ya kawaida, "Mzee, yale mate uliyopeleka yanafaa kubandikia stempu. Ugonjwa wako umeuacha chooni, na uliobaki unamgawia mjukuu."

Mzee alimrudishia Zawadi mtoto taratibu, akajifuta mdomo kwa leso, akaniambia nitoke. Hakupaza sauti. Nilitoka. Hapo ndipo alipokupigia, na wewe ukaomba radhi kama karani.

Siku zilizofuata hakuna aliyenisalimia. Bi Hadija aliyazungusha maji ya kudeki mlangoni kwangu kama vile sipo. Kisha nikaletewa ujumbe: shehe wa mtaa na wazee wenzake watakaa kikao. Ama niombe radhi mbele ya wale wale waliosikia, ama nifungashe. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, wewe unanijua. Nikakaa nikatayarisha hoja, moja baada ya nyingine, na majibu ya pingamizi zao kabla hawajazitoa. Ningewashinda wote.

Asubuhi ya kikao nilikuwa nikianika nguo, Zawadi akaja upande wa pili wa kamba, mtoto mgongoni. Hakunitazama. Alijifanya anapapasa shuka kama limekauka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu naye anaweza kushikwa?"

Nikamwambia ndiyo, na watoto wadogo hivi ugonjwa huwashika vibaya zaidi.

Akamkaza mtoto mgongoni. "Mi siwezi kumwambia baba," akasema. "We ndiyo uko na kinywa. Basi leo kitumie muzuri."

Hayo tu. Akaondoka. Nami nikabaki na shuka langu na hoja zangu zote, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza zinakwenda kumponya nani.

Jioni wakaketi. Shehe akafungua kwa dua, akaeleza ukubwa wa kosa, akanipa nafasi. Mzee Sudi alikuwa ametazama miguu yake. Zawadi amesimama mlangoni na mtoto. Nikasema nitaomba radhi, kila neno watakalotaka, nikiwa nimesimama au nimepiga magoti, lakini nina sharti moja. Mzee apeleke kikopo kingine, na safari hii atoe makohozi ya asubuhi, kabla ya maji, kabla ya mswaki, kutoka chini kabisa.

Wazee wakatazamana. Shehe akacheka mpaka kofia ikamtelemka. "Yaani we unamuuzia muzee musamaha?"

Nikasema ndiyo, nauza, na sipunguzi bei.

Mzee Sudi akainua uso. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama gunia la dagaa kabla ya kulipokea. "Aombe kwanza," akasema.

Nikapiga magoti, Hamisi. Mimi, niliyemwambia mkaguzi wa elimu akae chini. Nikasema, "Mzee wangu, nilikosa kukusema mbele ya watu. Nisamehe."

"Na mate yangu?"

"Mate yako yalikuwa safi, mzee."

"Sema basikie."

Nikapaza sauti ili hata jirani wa pili asikie kwamba mate ya Mzee Sudi yalikuwa safi. Kicheko kikalipuka, mpaka Bi Hadija akajifunika uso kwa mtandio. Mzee peke yake hakucheka. Aliinuka, akanishika mkono kuniinua, na mkono wake, kaka, ulikuwa wa moto.

Usidhani ikaishia hapo. Kulipokucha Vestine alifika na kikopo, safari hii akisema igikororwa bila kuogopa mtu. Tukatoka nyuma ya nyumba, kwenye hewa. Mzee akashika kikopo na kusimama tu. Tukangoja. Mwishoni akasema hawezi, ni aibu mtu mzima kutoa uchafu wa kifuani mbele ya wanawake, na mmoja ana umri wa binti yake. Nilifungua mdomo. Bi Hadija akanibana mkono. Ndipo akatugeuza wote, mimi, Vestine na yeye mwenyewe, tukatazama ukuta kama watoto waliotiwa adabu.

"Na muongee," mzee akaamuru kutoka nyuma yetu. "Musinisikilize."

Basi tukaongea. Tukaongea kuhusu viazi vya Mudende, kwamba msimu huu vimejaa maji, kwamba wachuuzi wanavichanganya na vya Nyakiriba, tukapayuka kama tuko sokoni, huku nyuma yetu mtu akiung'oa ugonjwa wake kutoka kwenye mizizi. Sitaisahau sauti ile. Vestine alikuwa akitaja viazi na machozi yanamtoka. Mzee alipomaliza alikifunga kikopo, akakivisha kipande cha kitenge kipya na kumkabidhi kama mtu anayetoa zawadi ya harusi.

Walikipata. Kifua kikuu, bila shaka yoyote. Dawa zimeanza, hazilipiwi, na atameza miezi sita. Nyumba nzima tulipimwa, nami nikiwemo. Wakubwa hatujaonekana na kitu mpaka sasa. Mtoto alichunguzwa, hana ugonjwa, ameanzishiwa dawa ya kinga, na Zawadi amehamia naye chumba cha mbele. Mzee amekatazwa kumpakata mpaka atakaporuhusiwa.

Unadhani alinishukuru? Anawaambia watu msikitini kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa cha kujaribu mitambo, kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na mpango wa kurudi. Bi Hadija anasema mkojo wa mumewe umegeuka rangi ya chungwa kwa sababu uchawi unatoka. Nimemweleza ni dawa. Ameniitikia kwa kichwa. Uzi mwekundu haujafunguliwa, ila sasa mzee amepewa na sahani yake. Nimechoka, Hamisi. Nimechoka kushinda na kuonekana nimeshindwa.

Kwa hiyo nakutaka jambo moja. Usimpigie kumwambia nilikuwa sahihi, wala usimwombe tena radhi mtu ambaye nimeshamlipa mwenyewe. Mpigie kila wiki umuulize kama amemeza dawa. Wiki iliyopita alikula ugali wote akaomba mwingine, na Bi Hadija ameanza kusema kwamba mtu mwenye hamu ya chakula namna hiyo keshapona, vidonge vya nini. Hapo ndipo wengi huacha, na ugonjwa hurudi ukiwa umezijua dawa. Vestine anaweza kudanganywa kwa chai. Mimi nimeshaonywa nisimsemeshe habari za kifua. Lakini wewe ni mtoto wa kiume wa rafiki yake, nawe unamwonea haya, kwa hiyo naye atakuonea haya. Ongea naye habari za dagaa, kisha muulize.

Hivi ninavyoandika ameketi uani kwenye kigoda, kitambaa usoni, mbali na mlango kama alivyoelekezwa, na anazungumza na mjukuu aliye ndani. Anampigia kelele jina lake, anamwambia ni babu, anamweleza bei ya vitenge, anamuuliza kama amenyonya. Mtoto akilia anasema amemjibu. Amekuwa hivyo tangu asubuhi, na mimi nina insha za darasa zima ambazo sijagusa. Siwezi kumnyamazisha. Akiacha vidonge nitamtukana tena, mbele ya watu wengi zaidi, kisha nitampigia magoti tena, na utaniandikia unavyotaka.

Msalimie mama, mwambie magoti yangu nayo yameanza kazi, atauliza maana yake, usimwambie. Wifi yangu, mkeo, nampa pole ya kuishi na mtu anayeomba radhi haraka. Mjomba wetu fundi wa boti mpelekee salamu, na shangazi mdogo anayeuza mawese mwambie mafuta yalifika na hayakumwagika. Wanao wanaoniita shangazi wabusu wote, na yule mkubwa mwambie ameandika "zuhuri" mahali pa "nzuri" kwenye ujumbe wake, nimeona.

Nikiwa bado na kinywa changu,

Dada yako,
Rukia